Mpaka Mvua Hii Iishe

Jumapili, 15 Machi 1970

Mvua imeanza leo, saa nane kamili, kama kawaida ya huku kwetu Chepseon. Imewakuta wageni wangu sebuleni wakila viazi vyangu.

Wageni wenyewe ni kaka yangu Bethwel, mwalimu kule Kipkelion, na Mzee Johana wa kanisa letu. Tangu tumzike mama mwezi wa Desemba, hawa wawili wananizungumzia kama ng'ombe ambaye haijulikani atalala boma gani. Leo wamekuja na barua. Wamisheni wana nyumba ya viwete, mbali, safari ya siku nzima, na kitanda kimoja kitakuwa wazi mwezi wa Julai. Mzee Johana ndiye aliyeniombea, bila kuniuliza. Ameisoma barua yote kwa sauti, hata anwani.

Nimewaambia siendi. Nina miaka thelathini na moja. Miguu yangu ilikufa nikiwa na miaka mitano, baada ya homa, lakini kichwa hakikufa. Mama alinibeba mgongoni kwenda shule mpaka darasa la sita, halafu nikamshinda uzito, tukaacha. Hii ni nyumba yake. Humu ndani najua kila mahali pa kushika.

"Sally," Bethwel akasema, "nani atakuosha? Nani atakuinua ukianguka? Mimi niko na shule, mke wangu yuko na watoto."

"Nitafutieni mtu akae na mimi."

"Mtu gani atakaa na wewe na hiyo mdomo yako?"

Mzee Johana akacheka, halafu akakumbuka kwamba yeye ni mzee wa kanisa.

Tumekubaliana hivi. Atatafutwa mama mmoja akae nami mpaka mvua hii iishe, yaani mwisho wa Juni. Tukienda vizuri, nabaki kwangu. Jambo baya likitokea, hata moja, naenda misheni bila kelele. Nimekubali. Ningefanya nini?

Bethwel ameniachia daftari hili niandike maziwa ya ng'ombe. Ng'ombe hana shida na mtu. Nitaandika yangu.

Ijumaa, 20 Machi

Ameletwa. Anaitwa Bilhah Nyatichi, mjane kutoka Kisii, umri kama wa miaka hamsini. Alichuma majani kwenye shamba kubwa la chai miaka kumi na minane, mpaka mgongo ukakataa kikapu. Mtoto wake wa kwanza ni Mosoti, kwa hiyo namwita Mama Mosoti. Ana mikono mikubwa. Hajacheka hata mara moja.

Jumamosi, 21 Machi

Saa kumi na mbili asubuhi, giza bado, blanketi likavutwa. Kabla sijafungua macho vizuri nikajikuta nimebebwa kama gunia la majani mpaka kwenye karai, nguo zimetolewa, maji yananipiga kichwani.

"Mbona hukuniuliza?"

"Kule shambani king'ora kikilia unaamka."

"Hapa kwangu kuna king'ora?"

"Kazi ni kazi," akasema, akaniinua mkono wa pili na kuusugua.

Mama hakuwahi kuniosha hivyo. Mama alikuwa ananiwekea maji karibu na kuniachia kazi yangu, ananiosha mgongo tu. Nimekaa kwenye karai nikalia kwa hasira, na huyu mama akadhani sabuni imeniingia machoni.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua saa nane. Nimeoshwa, nimevalishwa, nimelishwa. Bado kidogo nitafungwa nepi.

Jumatano, 25 Machi

Mvua saa nane. Ameficha vile vipande vyangu vya tairi ninavyofunga mikononi na magotini ili nitambae nje. Anasema nitajichafua. Nimepiga kelele mpaka akavirudisha.

Jumapili, 29 Machi. Pasaka

Ole wangu. Sijui niandikeje bila kupasua karatasi.

Mama aliacha vibuyu vitatu vya mursik, maziwa yetu ya kulala. Kile kirefu alikuwa nacho tangu aolewe. Kibuyu cha maziwa hakioshwi hivi hivi. Kinasuguliwa ndani kwa ufito wa mti wa sosiot, halafu unaingiza mkaa wa mti wa senetwet unaowaka, unauponda humo humo mpaka ndani kuwe kweusi na kulainike, ndipo unamimina maziwa na kuyaacha yalale siku zake. Harufu yake inakaa miaka. Ukifungua kile kirefu ulikuwa unamsikia mama.

Nimerudi kutoka nje, navikuta vyote vitatu vimeanikwa ukutani, vyeupe ndani. Bilhah amevitia maji ya moto na sabuni ya kipande. Amevisugua kwa mchanga.

"Vilikuwa na masizi," akaniambia, tena kwa fahari. "Vilikuwa vichafu sana, sijui mlikuwa mnakunywaje."

Nimemwita majina ambayo siandiki siku ya Pasaka. Nimemwambia arudi kwao. Nimemwambia mama yangu amekufa mara ya pili na yeye ndiye amemuua. Alisimama na kitambaa mkononi, akanisikiliza mpaka nikaishiwa na maneno, halafu akatoka akakaa nje mvuani.

Jumatatu, 30 Machi

Hatusemezani.

Alhamisi, 2 Aprili

Bado anaamka saa kumi na mbili, lakini leo hakuja na karai. Amekuja na kile kibuyu kirefu. Akakaa chini, chini kabisa, pamoja nami sakafuni.

"Kwetu Kisii tunaosha kibuyu," akasema. "Ningejua hii ni kitu ya mama yako, singegusa."

"Ungeniuliza."

"Ndiyo. Ningekuuliza." Akakigeuza kibuyu. "Miaka kumi na nane hakuna mtu aliniuliza kitu. Nyapara anakuonyesha mstari, unachuma. Mimi sijui kuuliza. Nionyeshe hii."

Basi nimemwonyesha. Amekata fito, amepasua kuni za senetwet, mimi nimesugua, nimeponda mkaa. Hii ni kazi ya mikono na nyonga, haitaki miguu. Amenitazama kwa makini sana, na mara ya kwanza nimeona hanitazami kama mgonjwa. Harufu ya mama haikurudi. Haitarudi, na nimemwambia hivyo. Akasema anajua.

Halafu nikamwambia yangu. Nikitaka kuoshwa nitasema saa. Miguu anisaidie, mikono ni yangu. Asiniinue kabla hajaniambia anainua. Jikoni mimi napika, yeye anateka maji na kubeba kuni. Akahesabu kwa vidole na kusema, "Hiyo ni rahisi kuliko chai."

Jumanne, 7 Aprili

Mvua saa nane. Nimeoga saa nne, kwa sababu nimetaka saa nne.

Jumanne, 14 Aprili

Njia kutoka nyumbani mpaka jiko na boma la ng'ombe imekuwa matope matupu, mikono yangu inazama mpaka kwenye kiwiko. Bilhah ameitazama asubuhi yote. Mchana amekwenda kwa jirani aliyekata michai yake, amebeba matawi mizigo sita kwa huo mgongo wake mbovu, ameyalaza njia nzima. Sasa natambaa juu ya matawi kama malkia. Amefunga pia kamba kutoka mlango wa jiko mpaka nguzo ya boma, ya kushika. Sikumwomba. Aliniuliza tu, "Kamba ikae urefu gani?"

Jumapili, 26 Aprili

Celine, mke wa Bethwel, amekuja kuniona. Amekaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba magotini, amekunywa nusu kikombe. Kila nikisogea sakafuni anavuta miguu yake kama kuna maji yanapita. Huyu mama nimemjua miaka tisa na hajawahi kunigusa. Bilhah amemwandalia mursik mpya, akasema asante, hakunywa. Nimefurahi alipoondoka, na sioni haya kuandika.

Ijumaa, 8 Mei

Mvua ya mawe, saa nane. Michai imechanika, bati limepiga kelele mpaka hatukusikiana. Bilhah alikuwa ananielezea kitu kwa mikono, nami namjibu kwa mikono, tukaangua kicheko. Kumbe ana meno mazuri.

Jumanne, 19 Mei

Gekara, yule muuza ndizi wa sokoni, ametoka Kisii na ujumbe. Mama yake Bilhah ni mgonjwa sana, anamtaja mchana na usiku.

Bilhah amesikiliza, amemshukuru, ameendelea kuchambua mboga. Nikamwambia aende.

"Siendi. Mwalimu aliniambia nisikuache hata siku moja. Nikikuacha, wewe unapelekwa misheni na mimi natafuta kazi."

"Ni mama yako."

"Najua ni nani."

Mboga alizokuwa anachambua akazitupa, akayaweka majani mabovu kwenye sufuria. Nikamtazama nikakumbuka Desemba. Mimi nilimshika mama yangu mkono mpaka mwisho. Mimi ni nani nimkataze mwingine?

Ndipo nikasema uongo. Nimesema Gekara ameniletea na mimi salamu kutoka sokoni, kwamba Celine anakuja kesho na gari la asubuhi, atakaa wiki nzima. Nimesema kwa sauti ya kawaida kabisa. Hata nimelalamika kwamba atanichosha.

"Kweli?"

"Kweli, Mama Mosoti. Nenda."

Amelala na nguo za safari.

Jumatano, 20 Mei

Bilhah ameondoka alfajiri. Amejaza mapipa yote maji, amepanga kuni karibu na jiko. Celine haji, bila shaka. Nimekamua, nimepika, nimekula. Mvua saa nane ikanikuta ndani. Kumbe inawezekana! Nani alisema siwezi?

Alhamisi, 21 Mei

Mvua saa nane. Nimekamua. Mzee Johana amepita barabarani na mkebe wake wa maziwa kama kila asubuhi, nikajibanza asinione niko peke yangu.

Jumapili, 24 Mei

Naandika nimelala. Mkono wa kulia umevimba, herufi zitanisamehe.

Ijumaa nilitoka saa tatu kumkamua Chelel, ng'ombe wangu. Mwezi mzima wa Mei mvua imekuja mchana, nikaiamini. Ijumaa ikaja asubuhi. Ilinikuta katikati ya njia, na maji ya mlimani yakashuka yakayabeba yale matawi kama takataka. Nikashika kamba. Mikono ilikuwa na matope, kamba ikaniponyoka, nikateleza mpaka kwenye mtaro ulio chini ya boma.

Mtaro si mrefu kwenda chini. Mtu wa miguu angetoka bila hata kufikiri. Mimi nilijaribu, nikateleza, nikajaribu, mkono ukapinda chini yangu. Maji yalinifika kifuani. Nikaita. Sauti ya mvua ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nilisikia kengele ya shule ya saa sita nikiwa bado humo. Sikuomba Mungu vizuri. Nilikuwa namtukana, halafu naomba msamaha, halafu namtukana tena. Niliogopa kufa, hilo naliandika wazi. Lakini kitu nilichoogopa zaidi ni kukutwa.

Na nani akanikuta? Mzee Johana. Aliona Chelel barabarani na kiwele kimejaa, akamrudisha. Alinitazama mtaroni, akavua koti lake la kanisani, akaingia kwenye maji mpaka kiunoni, mtu wa miaka sabini. Nikamwuliza kama ng'ombe ni mzima. Akasema mzima. Akanibeba mgongoni mpaka ndani, akawasha moto, akamwita mke wake anibadilishe nguo. Hakusema hata neno moja la kunilaumu. Ningependa angesema.

Leo asubuhi amemtumia Bethwel ujumbe. Ni haki yake.

Jumatano, 27 Mei

Mvua saa nane. Mke wa Mzee Johana ananiletea uji. Bethwel amejibu kwamba atakuja Jumapili.

Jumamosi, 30 Mei

Bilhah amerudi. Amenyoa nywele zote. Mama yake alifariki Ijumaa mchana, Bilhah amemshika mkono. Ijumaa ile ile.

Aliniona mkono, akaona njia haina matawi, akauliza Celine yuko wapi. Nikajifunika blanketi. Akaelewa. Alikaa mlangoni muda mrefu na kifurushi chake, hata viatu hajavua.

"Ungeniambia ukweli singeenda," akasema mwishowe. "Singemwona mama yangu. Na ungeniambia ukweli hungelala kwa mtaro. Mimi sijui nikushukuru ama nikuchape."

Jumapili, 31 Mei

Walikuja wote baada ya ibada. Bethwel na Celine, Mzee Johana na mke wake. Bilhah akakaa karibu na mlango, kichwa chake kipara kimeinama.

Bethwel hakunianzia mimi. Alimwanzia yeye.

"Mama, nilikwambia nini? Nilikwambia usimwache hata siku moja. Umemwacha siku kumi. Angekufa, ungesema nini kwa serikali?"

Bilhah akaendelea kutazama sakafu. Hakunitazama hata.

"Mwalimu anakuuliza," Mzee Johana akasema taratibu.

"Nilienda kumwona mama yangu," akasema. Basi.

Bethwel akanigeukia, na sauti yake ikawa ya upole. "Sally, hii si makosa yako. Tulikosea kuchagua mtu. Tutatafuta mwingine, tujaribu tena."

Naandika hili ili nisijidanganye baadaye. Nilinyamaza. Labda kwa muda wa kunywa maji. Nilikuwa nimepewa nyumba yangu mkononi, na bei yake ilikuwa kufunga mdomo tu. Mimi, ambaye sijawahi kufunga mdomo, nikaufunga. Nikamwona Bilhah anakunja kanga yake magotini, anajiandaa kuinuka.

"Nilimdanganya," nikasema.

"Nini?"

"Alikataa kwenda. Nilimwambia Celine anakuja kukaa na mimi wiki nzima. Nilisema uongo. Yeye hana kosa lolote. Mkitaka kunipeleka misheni nipelekeni, lakini huyu msimlaumu."

Bethwel akasimama. Alikasirika mpaka akachanganya Kipsigis na Kiswahili. Kwamba nimemfanya mjinga. Kwamba mtu anayesema uongo kama huo hawezi kuachwa peke yake hata dakika moja. Kwamba Julai naenda na hakuna mjadala. Mzee Johana alikuwa anatikisa kichwa, na mimi nilikuwa nimekubali mwenyewe mwezi wa Machi.

Basi Celine akamwambia mume wake. Huyu Celine wa ukingo wa kiti.

"Baba Kipyegon, kaa chini. Nataka kuuliza. Alisema mimi nakuja. Mbona sikuja?"

"Hukuambiwa."

"Angeniambia ningekuja?" Akatutazama sote, mmoja mmoja. "Miaka tisa. Mimi sijawahi kulala kwa hii nyumba. Mama alikuwa mgonjwa hapa, sikulala. Ametaja jina langu kwa sababu kila mtu anajua ni mimi nilifaa kuja. Hiyo uongo ni yetu." Akaanza kulia. "Namuogopa. Naogopa nitamshika vibaya nimuumize. Hiyo tu ndiyo shida yangu, na nimenyamaza nayo miaka yote hiyo."

Sikujua. Jamani, sikujua. Nilidhani ananiona uchafu.

Mzee Johana akakohoa. Akasema yeye hupita hapa kila asubuhi na maziwa na hajawahi kusimama. Akasema aliandika kule misheni kwa woga, kwa sababu alikuwa anaona katika ndoto amenikuta nimekufa. "Sasa nimemkuta," akasema, "na akaniuliza habari ya ng'ombe."

Bethwel alikaa. Hakuahidi kitu. Alisema Juni haijaisha.

Jumatatu, 8 Juni

Mvua saa nane. Mzee Johana anasimama sasa kila asubuhi. Ananisalimu chamgei, anakunywa kikombe cha chai, anaondoka. Ananichelewesha, lakini nimezoea.

Jumamosi, 13 Juni

Bilhah ana masharti yake, na amenisomea kama nyapara. Atakwenda kwao siku mbili kila mwezi. Siku hizo nitamwomba Celine aje, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, wala si yeye wala Bethwel. Na nikimdanganya tena anaondoka, hata kama mama yangu mwenyewe amefufuka kunitetea. Nimekubali yote.

Jumapili, 21 Juni

Celine amelala hapa siku mbili. Aliuliza kila kitu. Hapa nishike? Hivi? Nimeumiza? Nilichoka kujibu, nikajibu. Ugali wake una madonge. Tulizungumza habari ya mama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 24 Juni

Jua kutwa. Mvua haikuja.

Jumapili, 28 Juni

Bethwel amekuja peke yake. Amekagua njia, ambayo Bilhah ameilaza upya kwa mawe, na mtaro ambao Mzee Johana ameuziba. Amekaa jikoni akala. Halafu akatoa karatasi na kalamu mfukoni.

"Misheni wanataka jibu. Wanataka kujua kama kitanda kinachukuliwa."

"Umeandika nini?"

"Sijaandika. Andika wewe. Kitanda ni chako."

Nilifikiri ningeandika kwa hasira, barua ndefu, niwaambie kila kitu. Nilikuwa nayo kichwani tangu Machi. Lakini nilipoweka karatasi juu ya ubao nikaanza kuwaza ni nani atakilalia. Kuna mtu mahali fulani, labda wa umri wangu, anayesubiri hicho kitanda na hana la kuchagua. Labda mama yake pia amekufa. Labda ana kaka, labda hana. Hakuna Bilhah kwake, hakuna mzee wa maziwa.

Nikaandika hivi tu:

"Asanteni kwa kuniwekea nafasi. Sitakuja, ninaishi nyumbani kwangu. Tafadhali kitanda mpeni mtu ambaye hana watu."

Bethwel akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Akanishika bega. Alipofika barabarani ndipo nikalia, nikalia kwa sauti, kwa ajili ya mtu nisiyemjua, na kwa ajili yangu. Bilhah alisikia akaja mpaka mlangoni, akasimama hapo na ndoo yake. Nikamwita aingie.